Dereva wa Tela na Lori Lake la Sebuleni

Ni Jumapili asubuhi na lori linarudi nyuma sebuleni. Limetoka chini ya meza, limeupita mguu wa kochi, na sasa mkia wa tela lake unatafuta nafasi kati ya maboksi mawili ya viatu yaliyosimamishwa ukutani. Mota yake inalia kama mbu aliyenaswa ndani ya chupa.

Binti anayeliendesha halitazami. Amekaa kwenye kigoda, ameligeuzia mgongo, rimoti mapajani. Macho yake yako kwenye vioo viwili vilivyofungwa kwa kamba kwenye viti, kimoja kulia, kingine kushoto. Kimoja ni cha wateja wa mama yake, fundi cherehani. Kingine ni cha baba yake cha kunyolea ndevu.

"Kushoto kwako kunaisha," baba anasema kutoka kochini.

"Nimeona, baba."

"Umeona, au unaniitikia tu?"

Mama anakuja na beseni la nguo, anainua mguu juu, anavuka tela. "Nyumba gani hii," anasema, "mtu anavuka barabara kwenda jikoni!"

Mwenye kochi ni dereva wa tela. Yadini wanamwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbiza lori, wala akikimbizwa na mtu. Ameshika usukani tangu ndevu zake hazijaota. Sasa goti la kushoto, lile la klachi, limeanza kumlalamikia kila mlima.

Binti yake ndiye utingo wake. Anafunga turubai, anaweka kabari kwenye tairi, anasimama nyuma na kupiga ishara lori linaporudi. Wapo wanaume wazima waliomuuliza kama amepotea njia ya saluni. Aliwajibu kwamba saluni anaijua, ila huko hakuna tairi za kubadilisha. Wakaacha kuuliza.

Leseni ya magari makubwa anayo. Barabarani baba humwachia usukani na hana wasiwasi naye. Kinachomtoa binti jasho ni kurudi nyuma. Msimamizi wa yadi, ambaye naye aliendesha tela miaka mingi kabla ya kupewa kiti na meza, alisema neno moja tu: akiliingiza tela kwenye mlango wa ghala, kati ya malori mawili yaliyoegeshwa, bila kugusa kitu, atapewa gari lake.

Lakini ajifunzie wapi? Lori la kampuni likisimama linapakiwa, likishapakiwa linaondoka. Hakuna mwenye mali atakayekuachia gari uchezee.

Hapo ndipo lilipoingia kasha. Mteja mmoja aliyekuwa anahama nyumba alimwachia Taratibu kasha la matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yenye vinundu juu na matundu chini, yanayoshikana ukiyabonyeza. Watoto wa mteja walikuwa wamekua. "Ukipita jalalani, tupa," aliambiwa.

Hakutupa. Ndani aliona vigia, vyuma vyembamba vya ekseli, rimoti, na mota mbili, moja nzima na moja maiti. Maiti aliipeleka kwa fundi redio, naye akamtafutia nyingine kutoka kwenye gari la kuchezea lililokufa.

Mtu asiyejua atadhani kazi ilikuwa kupanga matofali hadi yafanane na lori. Kufanana hakukumshughulisha. Lori lake ni jekundu mlango mmoja, la njano mlango wa pili, na paa lake lina kipande cha dirisha la nyumba. Alichotaka ni lirudi nyuma kama lori linavyorudi, kwa ubishi ule ule.

Alianza na kamba. Alikwenda yadini na kamba ya turubai, akapima lori lake la kazi: kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, na kutoka pale tela linapokaa juu ya kichwa cha lori hadi kwenye tairi zake za mwisho. Kila kipimo alikikatia kamba yake. Kisha akaikunja kila kamba katikati, akakunja tena, na tena, na tena, mpaka lori zima likaweza kulala kwenye zulia. Madereva wenzake walimtazama wakajua mtu kaishiwa.

"Taratibu, unalishonea suti?" mmoja akauliza.

"Na hilo la nyumbani linanywa nini, dizeli au mate?" mwingine akadakia.

Aliendelea kupima.

Siku ya kwanza ya kuwashwa, lori liliruka kama panzi likagonga cherehani. Alikuwa ameunganisha mota moja kwa moja na ekseli. Akalifumua. Akaweka gia ndogo izungushe kubwa, na kwenye ekseli ya hiyo kubwa akaweka ndogo nyingine izungushe kubwa nyingine. Mwendo ukafa, nguvu ikaja. Alilifungia pasi ya chuma ya mkewe, likaivuta hadi mlangoni.

"Lori halikimbii," anasema. "Lori linavuta. Anayetaka mbio akanunue pikipiki."

Mota ya pili inakata magurudumu ya mbele kulia na kushoto. Kiungo cha tela ndicho kilichomnyima raha. Kikibana sana, tela linakwenda kama ubao. Kikilegea, linachomoka kwenye kona. Mwishowe alipata kijisahani cha mviringo kinachozunguka kikiwa kimeshikwa, na hapo tela likaanza kuwa na kiburi chake.

Binti alijifunza haraka kuliko walivyotarajia. Haikupita muda akawa anaingia kati ya maboksi ya viatu kama mkono unavyoingia mfukoni. Mama alipiga makofi. Baba alikwenda kwa msimamizi akamwambia, "Yuko tayari."

Hakuwa tayari. Siku hiyo, mbele ya yadi nzima, binti alikata usukani upande ambao sio. Akaona tela linakwenda vibaya, akazidisha. Tela likakunjika likataka kumeza kichwa, likasukuma rundo la mbao za kupangia mizigo. Mtu mmoja akapiga mluzi.

"Unaingia ghalani au unalikumbatia?" msimamizi aliuliza. Kisha akapoza sauti. "Rudi kwa midoli, mama. Mwisho wa mwezi nakupa nafasi nyingine. Moja. Baada ya hapo gari linakwenda kwa utingo mwingine, na nisisikie kilio."

Binti hakula siku hiyo. Mama alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akajibiwa kwamba koleo halikuvunjika, limejikunja.

Baba ndiye aliyeshindwa kuelewa. Alimwambia alirudishe lile la sebuleni. Binti akaenda mahali pake pa kila siku, karibu na mlango, akaliingiza bila kugusa kitu.

"Hebu ngoja," Taratibu alisema. "Siku zote unasimama hapo?"

"Ndiyo, baba. Nalitazama usoni."

Taratibu aliinuka, goti na yote, akasimama pale binti aliposimama. Akashika rimoti. Akacheka, kisha akaketi sakafuni.

Kosa lilikuwa hapo. Tela likirudi nyuma lina ukaidi wake: ukitaka mkia uende kushoto, unakata usukani kulia. Ndilo linalowatesa wanafunzi wote. Lakini ukisimama uso kwa uso na lori, kulia kwake ni kushoto kwako. Ukaidi wa tela na ukaidi wa pale aliposimama vilikuwa vinafutana. Binti alikuwa anasukuma kijiti upande anaoutaka, na mkia unakwenda huko huko kwa utii. Alikuwa amejifunza vizuri sana jambo ambalo kwenye kiti cha dereva ni kinyume.

"Mimi nilikuwa kochini namtazama mikono," Taratibu anasema. "Miguu sikuitazama. Utingo wangu kila siku namwambia asisimame mbele ya lori linalorudi, kazi yake iko nyuma, halafu nyumbani nikamwacha asimame hapo hapo."

Siku hiyo hiyo vioo vilitoka ukutani vikafungwa kwenye viti, na binti akaligeuzia lori mgongo. Alianza upya, na ilikuwa mbaya kuliko kuanza kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mikono ilishajua uongo. Maboksi ya viatu yaliyopondeka yalibadilishwa. Mama alishona pindo za suruali za wateja bila kioo cha kuwaonyesha.

Mwisho wa mwezi, asubuhi, yadi imejaa. Malori mawili yameegeshwa mbele ya ghala na katikati pana pengo. Binti amepanda. Madirisha yote mawili yako wazi.

Taratibu hawezi kutazama. Anageuka, anaipa kazi yote kisogo. Lakini mbele yake limeegeshwa lori jingine, na kwenye kioo chake cha pembeni anaona tela linarudi. Linasita. Linakwenda mbele kidogo kujinyoosha. Linarudi tena, polepole, mkia unainama kushoto, unanyooka, unaingia. Breki zinapumua.

Msimamizi anatembea upande mmoja, anainama, anatembea upande wa pili. Anapitisha kiganja kati ya tela na lori la jirani. Kiganja kinapita.

"Haya," anasema. "Funguo usizipoteze. Na uwaambie hawa matingo wengine lile toi la baba yako linapatikana siku gani."

Taratibu bado anatazama kioo. Dereva mwenzake anamuuliza, sasa nini? Goti likimshinda atafanya nini, atatengeneza malori ya plastiki?

Anatikisa kichwa. Anachotaka ni safari moja ndefu, binti akiwa kwenye usukani na yeye kiti cha utingo.

"Miaka yote hii sijawahi kufumba macho lori likitembea," anasema. "Nataka anipakie, nimwambie 'twende, mama,' kisha nilale. Aniamshe tumefika, tela liko mlangoni."