Siku Nilipomfuata Mama Resti kwa Honi

Haya, nasimulia, ila mtakaocheka mcheke mkiangalia pembeni, maana aibu hii bado sijaimaliza. Wapo watu mtaa wa Mfaranyaki, hapa Songea, mpaka leo wakiniona napita wanapiga kigelegele kidogo, kwa chini, halafu wanajifanya wanakohoa. Nawajua kwa majina. Huwa nawapungia mkono kama mtu asiyeelewa kitu, halafu nikifika nyumbani ndipo nakunja uso peke yangu.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipoanza kuwa ruksa, wanunuzi binafsi wa mazao wanaingia vijijini na malori yao, na ghala la ushirika nililokuwa natunza likabaki na panya na mimi, halafu mimi nikapunguzwa kazi (panya walibaki). Kwa kiinua mgongo nikanunua gari. Msiniulize kwa nini. Mke wangu alikuwa ametimiza mwaka wa tatu kaburini, binti yangu Tekla ameolewa Dar es Salaam, anaandika barua wakati wa Krismasi, na mimi kule mtaa wa Msamala nina nyumba ya vyumba vinne, nalala kimoja, vingine nafagia tu. Nadhani nilitaka kitu kitakachonguruma pale uani. Likaja gari dogo la Kijapani, rangi ya maziwa yaliyochacha, limeshapita kwenye mikono ya watu wanne kabla yangu.

Ugonjwa wake ulikuwa swichi ya kuwashia. Unatia ufunguo, unazungusha, kimya. Unautikisa, unabembeleza, unazungusha tena, kimya vilevile, halafu siku likiamua linawaka lenyewe kabla hujakaa sawa. Nilishasukumwa na nusu ya watu wa Msamala.

Sasa Mama Resti. Alikuwa fundi cherehani, mjane, anashonea barazani kwenye mji wa wakwe zake pale Mfaranyaki. Nilimpelekea suruali apunguze kiuno (mtu anayejipikia mwenyewe anapungua, msidanganyike), wiki iliyofuata nikapeleka nyingine, kisha shati, mpaka nguo zenye matatizo zikaniishia, nikawa nakaa jioni nafumua mishono kwa wembe ili kesho yake nipate sababu ya kwenda. Nadhani alijua, maana mshono haufumuki wenyewe kwa mstari ulionyooka vile. Lakini alishona tu, na mimi nikakaa pale kwenye kigoda nasikiliza cherehani yake, na niwaambie ukweli, ile nusu saa ndiyo ilikuwa siku yangu, saa nyingine zote nilikuwa nazisubiri zipite.

Siku moja akaniambia, macho yapo kwenye sindano, "Baba Tekla, Jumamosi nakwenda kumsalimia mama kijijini, njia ya Peramiho. Kama una nafasi twende, akuone."

Akuone! Jamani, mwanamke mjane hamchukui mteja wa suruali kwenda kumwonyesha mama yake. Nikasema harakaharaka kwamba nitamfuata na gari, saa tisa, pale kona ya mashine ya kusaga. Akasimamisha cherehani.

"Sawa. Ila nakuomba kitu kimoja tu, uje kimya. Hapa nakaa kwa wakwe. Mama akikubali, nitawaambia mwenyewe, wazee wakae, mambo yaende kwa utaratibu. Wakisikia kwa watu kwanza, wataona nimewadharau. Wataniambia niende ila mtoto abaki."

Resti alikuwa na miaka tisa, na alikuwa ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye duniani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hata kuku hatashtuka.

Basi bwana, hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikajisemea, siwezi kumpakia mama wa watu kwenye gari la kusukumwa, mbele ya mashine ya kusaga, watu wote wakitusukuma huku wanahesabu moja, mbili, tatu. Nikanunua swichi ya mtumba, pamoja na kitasa na ufunguo wake, imetolewa kwenye gari la aina nyingine kabisa, lakini muuzaji akaapa ni ndugu. Fundi wangu alikuwa amekwenda Tunduru. Nikasema kwani kuna nini, waya nne tu, nitafunga mwenyewe Jumamosi asubuhi.

Jirani yangu Komba, dereva mstaafu, akaniona nimelala kifudifudi kwenye kiti, miguu ipo nje.

"Nije nikushikie?" akauliza pale kwenye ua.

"Hapana, mzee mwenzangu, kazi ndogo."

"Basi funga uzi kila waya kabla ya kuutoa, ujue umetoka wapi."

Nikamjibu nimeshafunga. Uongo mtupu! Nilijua nikimkaribisha ataniuliza ninakokwenda, na Komba ukimwambia kitu saa nne, saa sita kipo sokoni. Halafu nimeshazoea, mtu akikaa peke yake muda mrefu anafika mahali msaada unamwasha kama upupu. Nikategemea rangi za waya. Kumbe kwa miaka ile yote, utepe, vumbi na grisi vimezifanya zote nne rangi moja, rangi ya uchafu, na nilipogundua hilo nilikuwa nimeshazitoa zote.

Nikafunga kwa kukisia. Swichi mpya ilikuwa na sehemu tatu tu za kufungia waya, mimi nina waya nne, basi ule uliobaki nikauunganisha na mwenzake mnene uliotoka kwenye betri, nikasema watajuana wenyewe. Kile kifuniko cha plastiki cha chini ya usukani kikakataa kurudi, nikakisukuma kwa goti, kikarudi. Skrubu moja ilikuwa imepotea, nikatumia ndefu ya bawaba ya mlango. Ningekuwa na mtu wa kukaa kwenye usukani mimi nikiangalia chini, angezungusha usukani, na mimi ningeona skrubu ile ndefu inabana waya wa honi. Sikuwa na mtu.

Nikazungusha ufunguo, gari likawaka mara moja! Mara ya kwanza! Nilipiga makofi peke yangu mle ndani, nikatazama huku na huku nimwambie mtu, hakuna, nikaingia ndani nikaoga na kuvaa shati alilolishona yeye, gari nimeliacha linanguruma (tangu lini mtu mwenye akili akazima gari lililokubali kuwaka), nikaondoka.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba goti langu lilikuwa limebana na ile swichi inayowasha taa zote nne za kona kwa pamoja. Kwa hiyo natembea barabarani mchana kweupe, taa zinapepesa mbele na nyuma. Na ni Jumamosi alasiri, baada ya Pasaka, mnajua wenyewe Songea Jumamosi za baada ya Pasaka ni harusi juu ya harusi. Watu wakaanza kunipungia mikono. Akina mama wenye ndoo wakasimama wakacheka. Mimi nikafikiri wanalisifu gari, nikawa nainamisha kichwa kama mkuu wa wilaya. Kwenye kona moja nikasikia piiii fupi, nikasogea pembeni nikidhani kuna lori nyuma yangu.

Pale kwenye mashine ya kusaga kulikuwa na foleni ya wanawake na madebe yao ya mahindi. Nikakata kona kali kushoto ili gari liangalie barabara ya kutokea. Honi ikaanza. Haikuwa piiii fupi tena, ilikuwa honi ya msafara wa harusi, haipumui, piiiiiiii, na taa zinapepesa, na mimi ndani nimevaa shati jeupe.

Kigelegele cha kwanza kikapigwa na mama mmoja mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Wakaitikia wote. "Bwana harusi huyo! Nani anachukuliwa leo?" Foleni ikavunjika, wakalizunguka gari wakipiga makofi. Mimi naita "Ni waya! Ni waya tu!" lakini nani asikie? Nikazungusha ufunguo nizime. Gari likaendelea kunguruma. Nikauchomoa kabisa. Jamani, nimeshika ufunguo mkononi, wote wanauona, na gari linawaka, honi inalia, na usukani umejifunga papo hapo ulipokuwa umekatwa kushoto, yaani umejifunga palepale panapolia! Nikajaribu kuurudisha ufunguo, haugeuki. Kuna mtu alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo Mama Resti alipotokea kwenye uchochoro na kikapu chake.

Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba chake. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, siku zote namwona na nyuzi mabegani na chaki vidoleni. Alikuwa amejipamba kwa ajili ya safari yetu, kidogo tu, kwa namna ambayo ningeiona mimi peke yangu. Wakaiona wote. "Kumbe Mama Resti! Mama Resti, hongera! Ulikuwa unatuficha!" Mmoja akavua khanga yake akaitandika chini apite juu yake.

Akasimama. Hakuikanyaga ile khanga.

Nikatoka, nikafungua boneti, nikang'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Honi ikanyamaza, taa zikazima, gari likakohoa likafa. Kumbe shemeji yake Mama Resti, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ameshatoka kwenye kilabu cha pombe ya komoni cha jirani, amesimama na kopo lake mkononi.

"Shemeji," akasema taratibu tu, wala hakufoka, "unaolewa, na sisi wenye mji tunasikia kwa honi?"

Mama Resti akampita. Alinisogelea mimi, karibu, nikasikia harufu ya sabuni. Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu waya nne na sehemu tatu. Nikasema, "Mama Resti, nilitaka tu usije ukasukumiwa gari."

"Baba Tekla," akasema, kwa sauti ile ile anayoniulizia kiuno inchi ngapi, "mimi nilikuomba uje kimya. Gari sikukuomba. Tungepanda pikapu kama watu wengine."

Akageuka na kikapu chake akarudi kwenye uchochoro, na wale wanawake wakampisha, hakuna aliyepiga kigelegele tena.

Wazee wa ule ukoo walikaa Jumatatu. Mimi sikuitwa, nilijipeleka Jumanne, nikamweleza shemeji yake kwa kirefu habari ya swichi, skrubu ya mlango na goti langu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Na hizo waya ndizo zilizokuleta kwenye kona ile saa tisa?" Nikaaga. Mwisho wa wiki ile Mama Resti alipanda pikapu kwenda kwa mama yake na cherehani yake. Resti alibaki kwa baba yake mdogo, kama vile mama yake alivyokuwa ameogopa.

Sikumfuata. Ningemfuata niseme nini? Nilikwenda mara mbili mpaka pikapu zinapopakia abiria, nikasimama, nikarudi. Gari lilikaa uani mpaka nikamwuzia mtu wa vyuma, na Komba alikuja siku linakokotwa, tukasimama wote wawili tukiliangalia. Miaka baadaye nilikutana na mama mmoja wa kijiji kile, akaniambia Jumamosi ile mama yake Mama Resti alikuwa amechinja kuku na kutandika mkeka mpya, akakaa mlangoni anaangalia njia mpaka jua likazama. Kwa hiyo alikuwa tayari kunikubali hata kabla ya kuniona.

Basi nimeapa. Mtu akiniomba kitu kimoja, nitafanya hicho hicho kimoja, sitaongeza hata punje. Ila tangu siku ile hakuna mtu aliyeniomba kitu.