Dada wa Kwanza wa Evas Kabugho

Nyinyi watu wa Kasese mnanichosha. Jumamosi mko uwanjani mnaimba "Evas! Evas!" mpaka sauti zinakauka. Jumatatu mko kwa kibanda cha chai mnahesabu dada zake kwa vidole, halafu mnaangaliana kama askari waliokamata mwizi.

Kwa wasomaji wa mbali: Evas Kabugho ana miaka ishirini na tatu, anachezea timu ya wanawake ya Malkia wa Nyamwamba, kiungo namba sita. Magoli si kazi yake. Yeye anakunyang'anya mpira na kuutoa kabla hujajua umepotea. Mpira ukiwa bado njiani anageuza kichwa mara tatu: kushoto, kulia, nyuma. Hiyo hakufundishwa na kocha. Aliipata kwenye njia za pembeni za Mpondwe, mpakani, utotoni, akivusha unga wa muhogo kutoka Congo na mama yake, Bulandina. Pale usipoangalia nyuma, unga unaenda na mwanajeshi.

Shule moja ya Kasese mjini ilimchukua bila karo kwa sababu ya miguu yake. Baadaye akaangukia mikononi mwa Afande Ayaa, mama polisi wa kutoka kaskazini, anakaa barracks na anafundisha Malkia. Siku ya kwanza afande alimsimamisha katikati ya uwanja.

"Wewe! Nani alikufundisha kuangalia nyuma?"

"Mama, afande."

"Mama iko kocha?"

"Hapana, afande. Iko anauza unga."

"Basi mwambie akuje anisaidie. Hawa wengine hata mbele hawaangalii."

Huo ulikuwa msimu wake wa kwanza, na sasa huu ni wa sita. Mwaka huu klabu moja ya Tanzania imemtaka, mkataba wa miaka miwili, kazi kamili: asubuhi mazoezi, jioni mazoezi, hakuna kulima katikati. Kilichobaki ni pasipoti.

Ndipo barua ikaingia ofisi ya pasipoti. Haina jina, imechapwa kwa kompyuta. Inasema Kabugho kwa Wakonzo ni binti wa tatu, na Bulandina ana mabinti wawili tu, Naome Biira na huyu Evas. Kwa hiyo Evas si mtoto wake, ni Munande wa Kasindi, upande wa Congo, aliyenunuliwa karatasi. Ofisi ikasimamisha kila kitu. Ikataka watu wawili wasio wa ukoo waweke sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji cha mama yake, Karambi, kwamba kabla ya Naome kulikuwa kweli na dada wa kwanza. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hapo, dirisha la usajili la Tanzania linafungwa na klabu inachukua mwingine.

Afande Ayaa hakuelewa kabisa. Akamwita Nobert, katibu wa timu.

"Jina iko na shida gani? Mutu si anaitwa tu?"

"Afande, kwetu jina iko namba. Binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Ukisema Kabugho, umesema kuko wawili mbele yake."

"Na fomu ya pasipoti alijaza nani?"

"Mimi."

"Uliandika mabinti wangapi?"

"Wawili. Mama mwenyewe alisema wawili."

"Jina tatu, fomu mbili. Nobert, wewe Mukonzo, hukuona?"

Na mimi nina swali lingine kwake. Ndani ya ile barua kuna mwaka wa kuzaliwa wa Bulandina. Mwaka huo hata Naome, mtoto wake, haujui. Umeandikwa sehemu moja tu: kwenye ile fomu, na nakala yake iko kwa kabati ya timu. Nobert anasema kabati haina kufuli. Sawa. Lakini anayeingia ofisi hiyo ni mtu wa timu, na kila mtu wa timu anajua nani atabaki bila kiungo Evas akienda. Siku hizi Evas anafunga viatu vyake akiwa ameegemeza mgongo kwa ukuta.

Alienda Karambi kumuuliza mama yake. Bulandina alikuwa anamenya muhogo, Naome yuko pembeni.

"Mama, Masika iko wapi?"

Kisu kikasimama. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ni ile karatasi."

"Karatasi inataka nini kwangu?"

Naome akadakia. "Mimi nimekuuliza tangu niko mudogo, ukanifukuza na fimbo. Mutu wa kwanza lakini naitwa Biira! Shuleni walinicheka."

Evas akasema kile ambacho nyinyi mnasema kwa chai. "Mama, mimi ni wako kweli?"

Bulandina akanawa mikono, akafunga kitambaa kichwani, akatoka. Wakamfuata mpaka soko la Bwera, kwa Kulusum, mama mzee anayeuza chumvi ya Katwe. Kulusum akainua macho.

"Mama Masika! Wewe! Bado uko hai?"

Wale dada wawili hawajawahi kusikia akiitwa hivyo. Dunia nzima inamwita mama yao Mama Naome.

Kulusum ndiye aliyesimulia, Bulandina amekaa juu ya gunia pembeni. Mwaka wa tisini na saba, waasi walikuwa mlimani na watu walikuwa wanakimbilia kambi kwenye uwanja wa shule ya Karambi. Bulandina alizaa njiani. Mtoto akaishi siku tisa. Kulusum alitoa leso yake wakamfunga, wakamzika nyuma ya shule, kando ya vyoo, bila alama.

"Mutoto wa siku tisa, nani atamuandikia karatasi?" Kulusum alisema. "Tulikuwa tunatafuta maji, hatukutafuta karani."

Evas akamgeukia mama yake. "Sasa mbona ulimwambia Nobert wawili?"

"Aliniuliza niko na mabinti wangapi. Niko na wawili. Ningesema tatu, angeniambia nilete wa tatu."

Kulusum aliweka sahihi Jumanne. Imebaki moja. Aliyechimba lile kaburi yuko hai, Mzee Tefiro, na Evas amemwendea mara mbili. Anasema hakumbuki kitu, hataki mambo ya Wakongo. Lakini mara ya pili, akimfukuza, alisema, "Nenda kaulize hao wa shule, mimi sirudi tena pale kwa vyoo." Nani alimtajia vyoo? Kaburi liko pale pale, kando ya vyoo. Anakumbuka vizuri sana. Kuna mtu amemtisha, au anaogopa jina lake kukaa kwenye karatasi ya serikali. Sijui ni lipi.

Leo ni Jumatano. Kambi ile ilikuwa na mamia ya watu, haiwezekani wote wamesahau. Wewe unayesoma hii kwa simu, kama mama yako au baba yako alilala pale mwaka huo, muulize leo kuhusu mtoto wa siku tisa aliyefungwa kwa leso. Akikumbuka, mpandishe boda, mlete Karambi kwa mwenyekiti kabla ya Ijumaa saa sita, aweke sahihi yake.