Kwanza Aambiwe Mama Yake

Ninyi vijana msioweza kuziacha simu zenu hata mkila, kaeni niwaambie. Nakumbuka asubuhi moja, tukivuna ufuta hapa Kikole, helikopta ndogo ya mtu binafsi ilipita chini chini juu ya shamba, ikatoa mlio mbaya, ikaanguka ng'ambo ya mikorosho. Tuliacha ufuta tukakimbia. Ndani alikuwamo kijana mmoja tu, rubani. Tulimtoa, lakini alikuwa ameshakata roho.

Mwenyekiti wa kitongoji akasoma kitambulisho kilichokuwa mfukoni mwake. Jirani yangu Zuhura kusikia lile jina akashika kichwa. Akasema huyo ni mtoto wa shoga yake wa Mitwero, kule Lindi. Mjane, mgonjwa wa presha, na mtoto hana mwingine.

Nageuka, namwona mjukuu wangu Mwanahawa keshanyanyua simu, anapiga picha. Na wenzake vile vile.

Mwanangu, hasira yangu ilitoka mbali. Nilipokuwa msichana, mkwezi mmoja alianguka mnazini akafa. Nilikimbia kuwapita wote, nikamkuta mkewe anatwanga, nikampigia ukelele kutoka mlangoni kwamba mumewe amekufa. Nilijiona hodari. Yule mama alianguka pale kwenye kinu, na mimba yake ikaharibika siku ile ile. Bibi yangu hakunipiga. Aliniuliza tu, "Nani alikutuma?" Nimezeeka, na swali lile bado nalisikia.

Kwetu habari ya kifo ina watu wake. Watu wazima wa ukoo wanaingia, wanakaa, wanamshika mtu mkono, wanaanza kwa kusema fulani anaumwa, ndipo wafike polepole kwenye kifo chenyewe. Mimi niliyaruka yote hayo.

Basi nikamwaga maji yetu ya kunywa, nikaweka ndoo katikati, nikasema simu zote ziingie humu mpaka mama yake aambiwe.

Kijana mmoja akanicheka. "Bibi, umekuwa polisi?"

"Polisi wako njiani. Mimi nimeshafika."

Mwanahawa akaninong'oneza kwamba hakuna mwingine aliyepata picha nzuri kama zake. Nikamwuliza, "Unataka mama yake amwone hivi, kwenye simu yako?" Akaitia ndooni, macho chini. Wengine wakafuata. Mwenyekiti naye akaleta yake. Nikamwambia wewe baki nayo, una kazi nayo.

Akampigia mtu mmoja tu, mjomba wa marehemu, kwa namba aliyopewa na Zuhura, ili yeye ndiye akamwambie mama. Sisi wanawake tukavua khanga za juu, tukazishika tukamzunguka yule kijana, ili na wapita njia wakose cha kupiga. Jua kali, mikono ikafa ganzi, tukapokezana. Hofu yetu ilikuwa moja: picha itoroke, imkute yule mjane peke yake jikoni.

Polisi walipofika walitukuta vile vile. Adhuhuri imepita, mjomba akapiga. Mama ameshaambiwa. Amekaa na dada zake, amekunywa dawa yake, anamwomba Mungu. Wallahi, kijiji kizima kilishusha pumzi kwa pamoja. Hakuna picha hata moja iliyotoka Kikole.

Arobaini ilipopita, yule mama alikuja mwenyewe. Alisimama mbele yetu akasema, "Kijiji kizima mlijua kabla yangu, na mkanisubiri." Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi, pamoja na magoti haya mabovu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiwa wa kwanza kuona, usitake kuwa wa kwanza kusema. Jiulize nani anastahili kuambiwa, na nani anastahili kumwambia. Kama si wewe, nyamaza. Mungu akupe moyo wa huruma na ulimi mzito, na siku yako ya msiba akupe watu wa kukukalisha kitako kabla hawajafungua kinywa.

Na wa nyumbani kwangu nimeshawaamuru. Nikifa, asiandike mtu neno kwenye simu. Mwanahawa apande boti aende Songo Songo kwa binti yangu Somoe, apige hodi, aingie, amshike mkono, ndipo amwambie.