Alama Nane za Darasa la Tatu

Siku ya kwanza mwalimu mkuu aliniambia kazi yangu ni kukaa. Alinionyesha dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha, ambapo msichana wa miaka tisa alikuwa ameketi peke yake. "Utakaa hapo na huyu," alisema. "Akiachwa nyuma, msaidie afuate."

Nikaitikia, ingawa mimi sijawahi kuwa mtu wa kukaa. Kwa miaka sita nilikuwa nimeuza viatu vya mitumba pande zote mbili za mpaka, asubuhi Uganda, jioni nyumbani Busia ya Kenya, na miguu ilikuwa imezoea mwendo. Nikiketi nusu saa, magoti huanza kucheza yenyewe. Shule hii ya upande wa Uganda ilinichukua kwa sababu nilijua lugha ya ishara. Mdogo wangu wa kike, ambaye naishi naye, hasikii, na tumezungumza kwa mikono tangu utotoni.

Msichana yule alitoka Tiira, ambako mama yake alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, kando ya shimo la wachimbaji. Alipokuwa na miaka minne aliugua homa kali, na alipopona hakusikia tena. Hakuna aliyekuwa amemfundisha ishara. Zile chache alizokuwa nazo alizitunga mwenyewe: mama yake alikuwa mikono miwili inayotikisa karai hewani. Nikaanza kumfundisha zangu.

Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya themanini. Mwalimu, mama kijana mwenye sauti iliyokauka, alifundisha akiwa ameupa ubao uso na sisi mgongo. Nilipomaliza kumfafanulia mtoto sentensi moja, darasa lilikuwa limevuka tatu. Nilisikia joto la aibu kila tulipobaki nyuma. Basi nikachukua penseli yake niandike tarehe tu, tuokoe muda. Kesho yake nikaandika swali. Wiki iliyofuata nikawa naandika na jibu, naye ananakili chini yake, na mwishowe hata kunakili nikaona kunachelewesha.

Jaribio la hesabu na kusoma lilipokuja, alipata nane kwa kumi. Mwalimu aliwaambia watoto wampigie makofi, wakapiga, naye akatazama huku na huku akitafuta wanampigia nani.

Mama yake alikuja Ijumaa, viatu vimejaa udongo mwekundu. Nilimkabidhi karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole asiichafue.

"Madamu, hii ni ya mtoto yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi napeleka kwa shimo. Watu yote wataona."

Jioni hiyo nilivuka mpaka bila kujua nilivyovuka. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mdogo wangu aliniuliza kwa mikono nina nini, nikamjibu ni uchovu.

Haikupita muda malaria ikanilaza siku nne. Siku ya pili, homa ilipopungua, nilikuwa nahangaika kitandani. Nilimwambia mdogo wangu kwamba mtoto wa watu amebaki peke yake na hakuna wa kumwandikia.

"Kumwandikia?" aliuliza.

Nikamweleza yote. Aliweka sufuria chini ili apate mikono yote miwili. "Mimi shuleni nilikuwa na mtu kama wewe," alisema. "Alinipenda sana. Walimu walizungumza na yeye, watoto wakamuuliza yeye kama nina njaa. Nilipomaliza shule, aliyejulikana alikuwa yeye."

Nikageukia ukutani.

Siku ya tano nilirudi mapema kuliko kawaida, nikiwa bado nina kizunguzungu. Dawati la nyuma lilikuwa tupu. Msichana wangu alikuwa amehamishiwa mstari wa mbele, na kando yake alikuwa msichana mwingine, mgeni kutoka Nabuyoga, aliyejua lugha ya kwao tu, Kidhopadhola. Huyu wa pili alikuwa akisikia kila neno bila kulielewa, na muhula mzima hakuna aliyekuwa amemwona, hata mimi niliyekuwa nimeketi madawati mawili nyuma yake. Sasa walikuwa na visoda kati yao, wanavipanga kumi kumi. Mmoja akikosea, mwenzake anamshika mkono na kuvivuruga vyote waanze upya.

"Hukuwepo, ikabidi nifanye kitu," mwalimu aliniambia. "Kila nikigeuka kutoka ubaoni niliona wote wawili wanatazama mdomo wangu. Nikasema, basi wautazamie karibu." Kisha akanionyesha jaribio la jana yake. Msichana wangu alikuwa amepata nne kwa kumi. Namba zilikuwa kubwa, zimeinama, moja imeandikwa kinyume.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Nilichosikia kifuani kilikuwa wivu. Nilitembea hadi chooni na kurudi, mara mbili, bila haja.

Wakati wa mapumziko nilimwambia mwalimu ukweli: zile nane zilikuwa zangu. Aliendelea kufuta ubao.

"Nilijua," alisema. "Mtoto haandiki saba yenye mstari katikati. Nilinyamaza kwa sababu hawa watoto ni wengi, na pale nyuma palikuwa pametulia. Kosa si lako peke yako. Lakini mama yake utamwambia wewe. Mimi nitasimama hapo."

Mama alipokuja tena, tulimwita nje, kando ya ukuta wa darasa. Nilimwambia kwa Kiswahili chepesi ili pasiwe na pa kujificha: niliandika mimi, mtoto hakuandika. Mwalimu alisimama karibu kama alivyoahidi, akitazama viatu vyake.

"Mimi nilionyesha watu yote," mama alisema.

"Najua, mama. Nisamehe."

"Yeye mwenyewe iko na ngapi?"

Mwalimu akampa ile karatasi ya nne. Aliigeuza, akafuata namba moja moja kwa kidole, akakisimamisha kwenye ile iliyoandikwa kinyume. Hakuniambia amenisamehe. Alisema, "Basi hii nakwenda nayo," akaikunja, akaondoka bila kuniaga.

Baada ya hapo mwalimu alijizoeza kusema akiwa ametuelekea, na kila asubuhi nilifundisha darasa zima ishara tano. Sikuwa tena na dawati. Nilizunguka, nikainama kwa huyu, nikamsomea yule, nikamtafutia wa Nabuyoga mtoto mwingine wa lugha yake amtafsirie. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba nilichukuliwa kwa mtoto mmoja na sasa nazurura. Mwalimu wa darasa akamjibu kwamba kuzurura huko ndiko anakokuhitaji.

Haikuwa rahisi. Msichana alinikasirikia kwa kumrudishia penseli. Siku moja aliivunja na kunitupia vipande. Mwisho wa mwaka alipata tano, akaingia darasa la nne pamoja na rafiki yake. Mama aliendelea kuja, ila maswali yake alimpelekea mwalimu.

Muhula huu wale wasichana wawili waligombana juu ya kifutio. Nilipita nikaona mikono yao ikienda mbio, ishara nyingine zangu, nyingine walizozitunga wenyewe nisizozielewa. Mmoja alikuwa analia. Nilisimama mlangoni, mikono yangu ikiniwasha niingilie, nimweleze huyu kwa yule. Nikaitia mifukoni. Kengele ililia wakiwa bado hawajapatana, wakaingia darasani mmoja mbele, mwingine hatua kumi nyuma, nami sikujua, na mpaka leo sijui, walimalizana vipi.