Lakini ya Nini?

Miaka ile ya elfu mbili mwanzoni, majibu yangu ya mtandaoni niliyaandika kwanza kwenye daftari. Kidato cha nne nilikimaliza kwa kuchechemea na vidole vyangu vilikuwa vizito. Pale kwenye mkahawa wa intaneti, Mtwara mjini, muda ulikuwa unaisha sijafika aya ya pili. Kwa hiyo nilikuwa naandika nyumbani Likombe, kesho yake naenda kunakili.

Tulikuwa na jukwaa letu la mtandaoni, watu wa kusini. Nilikuwa naota kuwa mtangazaji wa redio, na dada mmoja wa Nanyamba, aliyekuwa akiishi Ulaya, alisoma visa vyangu vyote. Kazi yake kubwa ilikuwa kunirekebishia r na l, maana sisi huku huzichanganya bila aibu. "Mtangazaji gani anasema habali?" alinitania. Nilifurahi kuliko kusifiwa.

Siku moja akaweka picha yake. Nami kwa furaha nikaandika: "Mweusi lakini mzuri, dada!"

Wanaume wakadandia. Mmoja akasema umeme ukikatika tutamwona meno tu. Nikacheka.

Akajibu: "Hiyo lakini ya nini? Nimeisikia tangu darasa la kwanza. Ninyi wanaume ni weusi kama mimi, nani kawawekea lakini? Huku wazungu wananitazama vibaya, nikirudi kwetu napewa lakini. Kama hamsikii, mimi naondoka jukwaani."

Nilitoka pale nimenuna. Nimemsifu, kisha ananigombeza! Nyumbani nikajaza ukurasa mzima, nikamsomea dada yangu aliyekuwa uani akibangua korosho, vidole kavipaka majivu utomvu usimchome.

"Samahani dada, lakini nilikuwa nakusifia. Lakini mimi mwenyewe mweusi. Lakini wenzio huwa hawakasiriki..."

"Ngoja," dada akasema. "Futa kila palipo na lakini. Kimebaki nini?"

Nikatazama. "Samahani dada."

"Basi hiyo ndiyo barua. Hayo mengine unajitetea mahakamani."

"Kwani wewe ungekasirika?"

Akagonga korosho moja, akaikosa. "Nilipoposwa, mashangazi wa mume walisema hivyohivyo, mweusi lakini mzuri. Na wewe ulikuwepo, ulicheka mpaka ukapaliwa na chai."

Nikafungua mdomo niseme, "Lakini nilikuwa mdogo." Neno likanifika ulimini, nikalimeza. Nikapaka majivu vidoleni, nikavuta kigoda. Akanieleza mengi jioni ile: poda ya kumfanya aonekane mweupe aliyopakwa siku ya harusi, na jinsi alivyokwenda kunawa uso kabla picha hazijapigwa. Sikumkatiza. Si kwamba sikutaka! Kila nilipotaka, nilichukua korosho nyingine.

Kesho yake nikawahi mkahawani, roho juu, nikiogopa nitakuta kaondoka jukwaani. Jina lake lilikuwa bado lipo. Ukurasa wa daftari sikuutoa mfukoni. Nikaandika: "Samahani dada. Nimekuumiza. Nakusikiriza."

Nikangoja. Mwenye mkahawa akauliza kama nimelala. Hatimaye jibu likaja:

"Ni nakusikiliza, kwa l, mtangazaji wangu. Haya, kaa. Nikuambie."

Nikakaa. Aliandika kirefu, na muda wangu wote nilisoma tu.