Kibao cha Rimali Mtaa wa Sikukuu

Mauza binti Khalfani alifikisha miaka sitini na mbili bila mtu yeyote kumwita mkurugenzi. Kariakoo nzima ilimjua kwa jina la Mama Udi, maana chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yao, Mtaa wa Sikukuu, alikigeuza duka la udi, marashi na hina, na chumba cha nyuma yake ndimo alimolala. Ukisikia kwamba mama wa umri ule alizuzuliwa na cheo utacheka. Usicheke. Kaa nyuma ya kaunta mwaka wa thelathini, unapima mafuta ya mawaridi kwa kichupa, halafu aje mtu akuite Mheshimiwa Mkurugenzi, tuone kama shingo haitakaa sawa.

Nyumba yenyewe ni ya chini, bati limeshika kutu, imebanwa huku na huku na maghorofa ya maduka. Baba yao alipofariki waliirithi watatu: Hashil, kaka mkubwa, Mauza, na mdogo wao Sabaha, ambaye naye Mungu amemchukua, akamwacha binti yake Wafa mikononi mwa Mauza. Hawakuigawa. Walikubaliana hati ya nyumba iwekwe kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda cha Mauza, lifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa Hashil. Hivyo hakuna ambaye angeitoa karatasi ile bila mwenzake kuwepo.

Hashil alihamia Kigamboni, lakini kila Jumapili asubuhi alivuka kwa pantoni akashukia Magogoni, akaja kunywa kahawa na dada yake barazani. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba nyeusi, chini ya kanzu. Wanawe walishamchosha kwa maneno: Baba, viwanja vya Kariakoo sasa ni dhahabu, iuzwe ile nyumba kila mtu achukue chake. Naye jibu lake lilikuwa lile lile miaka kumi na saba, kwamba yeye na Mauza hawafanyi jambo juu ya nyumba ile mpaka wakae wawili. Jibu hilo ndilo lililomweka Mauza pale na duka lake, na yeye mwenyewe alijua hivyo. Siku kaka yake akichoka kulisema, hana pa kwenda.

Sasa mwaka jana, baada ya Idi, akatokea Zayed. Huyu ni mtoto wa binamu yao, kazaliwa Maskati, Kiswahili chake kizuri ila kimenyooka mno, kama cha msoma taarifa ya habari. Alikuja na tende, halua na shali ya bei mbaya. Kampuni yao ya pampu za maji iitwayo Rimali, alisema, inataka kufungua kampuni tanzu hapa Dar. Mauza neno hilo hakuwahi kulisikia. Zayed akamweleza taratibu: ile ya Maskati ndiyo mama, hii ya Dar ndiyo mtoto, lakini mtoto mwenye jina lake, makaratasi yake na viongozi wake. Palihitajika anwani ya hapa mjini, na alitaka kwenye uongozi awemo mtu wa hapa hapa, mwenye kitambulisho cha taifa, mtu wa damu, si wa kuokota njiani. Na Wafa, ambaye cheti chake cha uhasibu kilikuwa kinapigwa na vumbi mwaka wa tatu, angekuwa mfanyakazi wa kwanza.

Ungekataa wewe? Ndugu katoka Maskati na halua yake, anamtakia kazi mtoto wa marehemu mdogo wako, ukae umwambie ngoja kwanza? Mauza alisema ndiyo kabla kahawa haijapoa.

Juma lile lile walikwenda Posta, ofisini kwa wakili aitwaye Anselmi, ghorofa ya nne, kiyoyozi kinavuma mpaka Mauza akajifunika ile shali. Wakili alikuwa kijana mpole. Karatasi moja moja alimsomea, akamwonyesha pa kutia sahihi: hapa unakubali kuwa mkurugenzi, hapa namba ya kitambulisho. Kila aliposema mkurugenzi Mauza aliitikia kwa kichwa, na mkono wake ukawa mwepesi kwenye kalamu.

Ikabaki barua moja. Ilikuwa ya mwenye jengo kukubali kampuni iitumie nyumba yake kuwa ofisi iliyosajiliwa. Chini palikuwa na mstari mmoja tu, umeandikwa Jina la Mmiliki. Anselmi akamuuliza, kwa adabu kabisa, kama nyumba ni yake peke yake au kuna wenzake, maana kama wapo ataongeza mistari, nao waje watie sahihi.

Hapo Mauza aliiweka kalamu chini. Tusimwonee, aliiweka kweli. Alimfikiria Hashil, na jinsi anavyopenda kulizungusha jambo: leo tulisikie, Jumapili tulizungumze, Jumapili ya pili tulale nalo. Zayed alikuwa na tiketi ya Alhamisi. Tena akajiambia kwamba hati haikuguswa, iko sandukuni, ufunguo uko shingoni mwa mwenyewe, basi ahadi iko palepale. Hii ni anwani tu. Nitamwambia Jumapili. Akaandika jina lake, moja, kwenye ule mstari mmoja.

Jumapili ikafika, Hashil akaja analalamika goti, na Mauza akaona si siku yake. Ya pili alikuja na wajukuu. Ya tatu alikuwa na furaha, nani atamharibia mtu furaha yake? Ya nne usajili ulikuwa umeshakubaliwa, Wafa kapewa kompyuta, na jambo lililokuwa dogo kusema limeota mizizi. Mtu mzima kabisa akawa anajificha nyuma ya birika la kahawa. Usiku usingizi haukuwa ukimshika vizuri, na Wafa alipomuuliza kama Mjomba Hashil anajua, alimkata kauli, jambo ambalo si tabia yake.

Kibao kilikuja Jumatatu. Fundi aliyetumwa na Zayed alifika na ngazi, akakipigilia juu ya mlango, juu kabisa ya kile kibao kidogo cha udi: Rimali Tanzania Limited, herufi nyekundu, unazisoma toka ng'ambo ya barabara. Mauza alitoka kukitazama, akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Maana alisahau kitu ambacho hata mtoto wa Kariakoo anakijua. Pale mtaani nyumba ya zamani ikishapigiliwa kibao cha kampuni, ujue imeshauzwa. Kinaanza kibao, yanafuata mabati ya kuzungushia, halafu linakuja tingatinga. Mpaka adhuhuri muuza viatu wa jirani alikuwa ameshampa hongera kwa mauzo, na mwenye duka la vitenge anauliza anahamia wapi. Aliwaelewesha mpaka sauti ikamkauka, nao wakaitikia vile watu wanavyomwitikia anayeficha bei.

Jumanne, saa nne asubuhi, Hashil akaingia dukani.

Mauza alipomwona siku isiyo yake, alikifunga kichupa alichokuwa anakijaza. Hashil hakuleta ukali. Aliketi kwenye stuli ya wateja, akatoa simu, akamwonyesha picha ya kile kibao. Mwanawe mkubwa alipita jana, akaipiga, akamtumia baba yake na maneno mawili chini yake: Shangazi kauza.

Mauza akaeleza yote bila kupumua, Zayed, pampu, kazi ya Wafa. Akamsihi waende wakafungue sanduku aone kwa macho yake. Wakaenda. Hashil akavua kamba shingoni, akapiga magoti kwa taabu na lile goti lake, akafungua. Hati ilikuwa pale, kwenye bahasha yake ya khaki, na mwandiko wa baba yao juu yake. Mauza akapumua. Akaona uso wa kaka yake unalegea, akadhani yamekwisha.

"Na hizo karatasi ulizotia sahihi," Hashil akasema, "nakala unazo?"

Alikuwa nazo. Zilikuwa kwenye faili jipya, zimepangwa vizuri, maana alikuwa anazionea fahari. Angeweza kusema hana. Lakini uongo ule mwingine ulikuwa umeshamchosha, akampa. Hashil akavaa miwani, akasoma kama asomavyo kila kitu, neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye ile barua aliweka kidole kwenye ule mstari mmoja. Nje mkokoteni ulikuwa unapita, mwenyewe anapigia watu kelele wapishe.

"Walikuuliza kama una wenzako?"

Mauza alitaka kusema hapana. Akasema, "Waliniuliza."

Hashil akarudisha barua kwenye faili. Akarudisha bahasha sandukuni, akafunga kufuli, akajaribu kulivuta kama limeshika. Kisha akainuka, mikono mitupu. Ufunguo aliuacha kwenye kufuli, ile kamba nyeusi inaning'inia.

"Kaka, ufunguo wako."

"Wa nini?" akasema. "Miaka yote nawaambia wale watoto kwamba mimi na Mauza ni wawili. Wamenionyesha picha, nikawatukana. Nimewaita waongo, Mauza, nimewafukuza mezani. Sasa nikirudi nikawaambie nini?"

Akapita dukani, akamuaga Wafa, akatoka. Juu hakutazama.

Mauza alimpigia Zayed, analia waziwazi, kibao kitolewe na jina lake lifutwe. Zayed alimpa pole kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka. Akasema kibao kinaweza kushushwa, Shangazi asijali, lakini ofisi imeshasajiliwa hapo, na kubadilisha kunataka utaratibu, pengine baada ya miezi kadhaa. Kibao kilishushwa kweli. Kiliacha matundu manne ya misumari, na mtaani wakasema mnunuzi ameshaanza kubomoa.

Ufunguo hakuugusa. Kila akiinama kufagia chini ya kitanda aliuona.

Jumapili aliamka mapema kuliko kawaida. Alipika kahawa, akakaanga kaimati anazozipenda Hashil, akatandika mkeka barazani na vikombe viwili. Alipiga hesabu ya pantoni: ya saa mbili ikimkosa, ya saa mbili na nusu atakuwemo. Saa tatu ikapita. Ilipokaribia saa nne akasikia hodi upande wa uani, mlango ambao mtu wa nyumbani tu ndiye anayeupitia, akajua ni kaka yake. Alikimbilia kufungua, kanga inamwanguka.

Alikuwa kijana asiyemjua, na daftari kwapani na futi ya chuma ya kujikunja mkononi. Akamwamkia shikamoo. Akasema ametumwa kupima kiwanja, na kwamba wenyewe ndio waliomwelekeza mlango huu.

"Wenyewe nani, mwanangu?"

"Vijana wa Mzee Hashil. Mzee mwenyewe nilimkuta, akasema nije tu, yeye hana neno."

Wafa alikuwa ametoka, anataka kumfukuza. Mauza akamzuia kwa mkono. Akamtangulia mpaka barazani, akasogeza vikombe, akakunja mkeka ili kijana apate njia, na yule kijana, aliyelelewa vizuri, akamshukuru, akamwomba amshikie upande mmoja wa futi pale ukutani. Mauza akaushika.