Pembe Iliyotembea

Mtu akiniuliza niliujua umeme wapi, simtajii chuo. Chuoni niliukariri tu. Niliujua Morogoro, kwenye kituo cha kupoza umeme, miaka ile ya soko huria ambapo kila shirika la umma lilikuwa likipunguza watu. Karakana ya vipimo tulikuwa wawili: mimi na fundi mkuu, mzee wa Songea, mkali kama pilipili kichaa.

Siku moja alikuja mhandisi kijana kutoka Dar na kisanduku kipya. Kilichungulia umeme mara kumi na mbili katika kila wimbi, kikapiga hesabu, kikatoa namba mbili: ukubwa wa wimbi na pembe yake, yaani wimbi limefika wapi likilinganishwa na saa iliyokuwa ndani ya kisanduku. Kwetu Kinole wanawake wawili hutwanga kwenye kinu kimoja kwa kupokezana, na pembe ni kama ile nafasi kati ya mchi na mchi. Nilifunga nyaya mwenyewe, na namba ilipowaka mwili ulinisisimka. Maji yanaanguka mbali huko, mtambo unazunguka, na mimi hapa chini ya Uluguru nausoma mwendo wake. Nilitamani mama yangu angekuwepo aone.

Lakini pembe haikutulia. Ilipungua polepole, ikamaliza duara, ikaanza upya, kila baada ya sekunde kumi hivi.

"Dada, umechanganya nyaya," mhandisi alisema.

Nikafungua, nikafunga upya. Pembe ikaendelea kutembea. Nikarudia tena, hali ikawa ileile. Akatoa kalamu na kusema ataandika kwenye ripoti kwamba fundi ameshindwa kazi. Wiki ileile orodha ya wanaopunguzwa ilikuwa inaandaliwa, na hilo kila mtu alilijua. Nusura nilie. Hasira ndiyo iliyonizuia.

Wakati huo mzee alikuwa amesimama juu ya kiti akirekebisha saa ya ukutani, ile inayokwenda kwa umeme wenyewe. Kila asubuhi aliisahihisha kwa mlio wa redio kabla ya taarifa ya habari, kisha akaandika kwenye daftari imechelewa kiasi gani. Kituo kizima tulikuwa tunamcheka kwa jambo hilo, na mimi nikiwa wa kwanza.

"Waya uliokosewa hukosea ukatulia," alisema bila kugeuka. "Hautembei."

"Mzee, chombo hiki ni kipya kabisa," mhandisi alisema.

"Na wewe hujaniamkia tangu ufike."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akashuka, akamfungulia daftari. "Tangu ukame uanze, saa hii inachelewa dakika tatu kila siku. Inahesabu mawimbi, haina kazi nyingine. Ikichelewa, ujue mawimbi yamepungua. Yanatakiwa hamsini kwa sekunde, mwanangu, na mtambo umechoka, haufikishi. Chombo chako kinadhani unafikisha."

Mhandisi alichukua kikokotoo. Akapiga hesabu ya saa, akapata arobaini na tisa nukta tisa. Akapiga ya pembe inayozunguka kwa sekunde kumi, akapata namba ileile. Akarudia zote mbili, kisha akaketi. Daftari lililochafuka grisi na kisanduku kilichopanda ndege kutoka ng'ambo vilikuwa vimeuona umeme uleule, vikasema neno moja. Sijawahi kustaajabu hivyo tena, wala sijawahi kuona haya hivyo kwa vicheko vyangu.

Mhandisi aliandika kwamba nyaya zilifungwa sawasawa, na kwamba hesabu za chombo zinatakiwa kufuata mwendo halisi wa wimbi, si hamsini ya kudhania.

Ijumaa orodha ilibandikwa. Jina langu halikuwemo. La mzee lilikuwemo.

Nilimkuta akikusanya bisibisi zake. Nikamwambia wamekosea, naenda kwa meneja sasa hivi. Akanizuia. Meneja alikuwa amemwita siku mbili kabla ya mhandisi kuja, akamweleza kwamba karakana itabakiza mtu mmoja, na ripoti ya kile kipimo ndiyo itakayoamua.

"Sasa mbona hukunyamaza, mzee?"

"Nyaya ulifunga vizuri," alisema, akaniomba nimshikie begi.